Nyumba Iliyokula Kichuguu

Kwa miaka kumi na mmoja nilimjengea mama yangu nyumba, na katika miaka hiyo kumi na mmoja sikula naye hata mlo mmoja kwa utulivu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani anasoma habari za mtoto mwema. Mama mwenyewe hakuwahi kuniomba nyumba. Aliniomba kitu kimoja tu: nije kijijini wakati wa mvua, tukae, tule uyoga, kabla kifua chake hakijammaliza. Mimi nikampelekea matofali.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Kasulu. Nafundisha sayansi, na wanafunzi wangu watakuambia kwamba hasira zangu ziko karibu. Kijiji chetu kiko upande wa Kibondo, na huko mama, mjane tangu nikiwa chuo cha ualimu, aliishi katika nyumba ya udongo iliyoinama upande mmoja kama mtu anayetega sikio kusikia umbea wa jirani. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Nina mshahara wa serikali, na kanisani nakaa benchi la mbele kwa sababu ni mzee wa kanisa. Mtu wa aina hiyo mama yake analalaje kwenye nyumba ya udongo? Watu watasemaje? Leo ukiniuliza kama nilikuwa namjengea mama au nawajengea watu, nitakujibu bila kusita. Wakati ule ungeniuliza ningekufukuza.

Tena nilikuwa na methali yangu. Hakuna darasa nililofundisha ambalo sikuliandikia ubaoni: mchumia juani hulia kivulini. Niliiamini kuliko baadhi ya mambo niliyokuwa nikiyakiri kanisani. Tatizo la methali hii ni kwamba haisemi kivuli chenyewe kiko umbali gani.

Nyuma ya nyumba ya mama palikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kunizidi. Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, mwezi wa kumi na moja hivi, uyoga ulichomoza kukizunguka, vichwa vyeupe vipana, bila kupandwa na bila kupaliliwa. Tuliula tangu tukiwa wadogo, kwa karanga za kutwanga na ugali wa muhogo. Mama aliita pale shamba la Mungu, akasema sisi kazi yetu ni kuvuna na kunyamaza.

Fundi wa matofali alipokuja mara ya kwanza alizunguka kiwanja chote akifikicha udongo kwa vidole, kisha akasimama mbele ya kichuguu. "Mwalimu," akasema, "unahangaika nini? Udongo wa tofali ndio huu. Wa kichuguu haupasuki." Na ni kweli, kwetu kila mtu anajua hivyo.

Nikamwambia abomoe.

Mama alikuwa anapepeta maharage. Akasimamisha ungo, akauliza, "Na uyoga?"

"Uyoga nitakununulia sokoni, Mama."

Naona haya kuliandika jibu hilo. Mimi ndiye niliyewafundisha darasa la sita kwamba uyoga ule mchwa ndio wanaoulima, huko chini gizani, na kwamba hakuna binadamu kijijini aliyewahi kuupanda ukaota. Lakini sayansi niliiacha shuleni. Kijijini nilikuja na ramani.

Kichuguu kikabomolewa, ardhi ikasawazishwa, na msingi ukachimbwa pale pale. Nikampa mama amri moja, nikidhani ni heshima: asiingie ndani mpaka nyumba iishe. Nilitaka aingie mara moja, siku ya ibada ya shukrani, mchungaji akiwepo, kwaya ikiimba. Basi mama akaendelea kukaa kwenye kibanda chake kilichoinama, anaitazama nyumba yake kwa mbali kama mgeni aliyeambiwa asubiri nje.

Sitasimulia mabaya yote yaliyoipata nyumba ile. Matofali ya kwanza, yakiwa bado mabichi, yalinyeshewa na mvua ya Juni, mwezi ambao hata mtoto anajua mvua hainyeshi. Katika tanuru la pili moto uliivisha nusu tu ya matofali. Nusu iliyobaki ukiyashika matofali yake yanakuachia unga mkononi. Nilipofika kwenye linta, juu ya madirisha, nilijipongeza. Nilipopiga kenchi, mbao za kubeba paa, nikamtumia picha kila mtu ninayemjua. Mwaka mmoja baadaye nikapanda juu kupigilia bati, mbao ikatoa sauti ya karatasi. Mchwa. Nilikuwa nimewafukuza kwao, nao wakahamia kwangu. Nilibomoa kenchi yote, nikaanza upya.

Kila Juni shule zikifungwa nilikwenda kijijini. Mama ananiona kwa mbali, anaweka jembe chini, anakuja akipiga makofi taratibu kama desturi yetu ilivyo. Salamu za Waha si jambo la kusimama mlangoni. Unaulizwa habari za mke, za watoto mmoja mmoja, za kazi, za ng'ombe hata kama huna, na kila jibu lina kiitikio chake. Mimi nilikuwa naitikia mbili tatu, halafu namwambia, "Mama, tutamalizia baadaye, fundi ananisubiri." Anarudi kuchukua jembe lake. Anapika, anakifunika chakula, nakuja kukila jioni nikiwa nimesimama, nikitazama kama ukuta umenyooka.

"Njoo wakati wa mvua basi," aliniambia kila nilipoondoka. "Uyoga umehamia kwenye kichuguu cha bondeni. Mdogo mdogo, lakini upo."

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa na mitihani ya wanafunzi. Desemba nilikuwa na palizi ya mahindi yangu Kasulu. Mtu mwenye bidii hakosi sababu.

Mjini Kasulu kuna muuza vifaa vya ujenzi, mzee Mwislamu mwenye asili ya Pwani, ambaye aliniuzia misumari mpaka tukawa marafiki. Siku moja, akinifungia kitasa cha mlango, akauliza mama ana umri gani. Nikamwambia. Akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu, na wewe unamjengea taratibu namna hii! Au bibi kakwambia hana haraka?" Nilicheka kidogo tu, tena kwa adabu. Nilikasirika njia nzima mpaka nyumbani.

Jumapili iliyofuata, kana kwamba wamekula njama, mchungaji akahubiri juu ya ubatili wa jasho la mwanadamu: kwamba tunajenga na kuwaachia wengine, na kwamba mtu kula chakula chake kwa moyo wa furaha ni zawadi inayotoka kwa Mungu mwenyewe. Mahubiri mazuri sana. Niliitikia amina kwa sauti kuliko benchi zima. Tulipotoka nikamwambia mke wangu kwamba sakafu itahitaji mifuko kumi ya saruji.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, jirani wa mama alinipigia simu. Kifua cha mama kimebana, hali chakula, usiku halali vizuri. Mama akaomba simu, akasema kwa sauti iliyokatikakatika, "Mwanangu, mvua hizi sijui kama nitazivuka. Njoo."

Niliogopa. Nilipata ruhusa shuleni siku hiyo hiyo. Na kichwani mwangu, Mungu anisamehe, wazo la kwanza lilikuwa hili: mama hawezi kufa bila sakafu. Nikakodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nikapakia mifuko kumi ya saruji na dawa za kifua, nikaondoka.

Tulifika mchana, mvua imekatika kidogo. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwake amejifunika kanga mbili, amekonda. Akaanza kupiga makofi ya salamu. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, Mama, saruji isinyeshewe." Nikauinamia mfuko wa kwanza garini, nikaunyanyua, na hapo hapo kitu kikalia kiunoni mwangu. Nilishuka chini pamoja na mfuko. Sikuweza kunyanyuka wala kugeuka. Dereva na jirani walinibeba kwa ncha za jamvi, na kwa sababu mlango wa kibanda cha mama ni mwembamba, wakanipeleka kwenye nyumba mpya. Kwa hiyo mtu wa kwanza kulala ndani ya nyumba ile ni mimi mwenyewe, chali, kwenye udongo mtupu, bila mchungaji wala kwaya.

Mama akaivunja amri yangu. Aliingia na uji, akakohoa, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mganga wa zahanati alikuja na pikipiki, akampima mama, akaongeza dawa, kisha akanigeukia mimi na kuniambia nisinyanyue hata sufuria kwa wiki tatu. Akauliza mgonjwa ni nani hasa kati yetu.

Siku ya kwanza nililala nimekasirika. Siku ya pili nilijaribu kuwaelekeza watu namna ya kupanga mifuko nikiwa chini, wakanisikiliza kwa heshima na kuipanga vibaya. Unyevu ukapenya mifuko, saruji yote ikaganda. Siku ya tatu mama akasema, "Sasa tumalizie salamu." Tukamalizia. Tulimalizia za miaka kumi na mmoja, mtoto mmoja mmoja, mpaka tukafika kwenye ng'ombe nisio nao. Sikuwa nimejua kwamba mama anachekesha. Au nilijua nikasahau.

Kila asubuhi aliniuliza kwa Kiha kama nimeruhuka. Kulala chali kunampa mwalimu nafasi ya kutafakari sarufi. Kwa Kiha, kuchoka ni kuruha, na kupumzika ni kuruhuka. Ni kama funga na fungua: la pili linalifungua la kwanza. Nikamwambia mama ugunduzi wangu. Hakushangaa hata kidogo. "Wewe umeruha tangu ujana," akasema. "Ulikuwa hutaki kufunguliwa tu."

Asubuhi ya siku ya nane niliamka nikasikia kitu kinanisukuma begani. Nikadhani ni panya. Nikageuza shingo polepole. Sakafu ilikuwa imeumuka na kupasuka, na katika ufa, kando ya jamvi langu, vilikuwa vimechomoza vichwa vya uyoga, vyeupe, vyenye udongo juu. Vingine viko karibu na mlango, vingine pale nilipokuwa nimepanga kuweka makochi. Kumbe kichuguu nilikibomoa kichwa tu. Chini huko mchwa waliendelea na kilimo chao mwaka hadi mwaka, wakisubiri mvua na ardhi laini. Kama ningewahi na saruji yangu, ningewafunika.

Nikamwita mama. Alisimama mlangoni, akatazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akakaa chini, akaendelea kucheka akikohoa, machozi yakimtoka. Mimi nilitaka kukasirika, maana ile ni sebule. Hasira haikuja. Nilijikuta nacheka na mimi, na mgongo ukiniuma kwa kila kicheko, na sikumbuki lini nilifurahi vile.

Aliuchuma mwenyewe, akiinama taratibu, akautikisa udongo. Akaupika kwa karanga. Akaniletea maji ya kunawa, jirani akanisaidia kukaa nikiegemea ukuta, ukuta ambao kwa mara ya kwanza sikuukagua. Ugali ukawekwa katikati, na mama akaketi upande wa pili akaniangalia usoni. Mvua zile alizivuka. Zilizofuata hakuzifikia. Kwa hiyo milo niliyokula naye kwa utulivu utu uzimani mwangu ni ya wiki tatu tu, na huu ndio ulikuwa wa kwanza wa uyoga.

Nikainamisha kichwa nianze kuomba, kwa kuwa mzee wa kanisa hangoji kuambiwa, na sala zangu za chakula huwa ndefu. Mama akanishika mkono.

"Leo naomba mimi," akasema. Akafumba macho. "Bwana, asante kwa uyoga. Asante na kwa mgongo wa huyu mtoto. Nimekuomba miaka mingi umchoshe, umekawia, lakini umefanya. Sasa mponye. Ila usiharakishe. Amina."

Miaka ile yote, mimi Kasulu nilikuwa nikipiga magoti kila alfajiri kuomba nguvu. Nilimtazama mama, naye alikuwa tayari anamega ugali. Nikaitikia amina, nikanyoosha mkono, nikala.