Mguu wa Kuku Usio na Nyama

Mdogo wangu alinipigia nikiwa kwenye foleni ya bucha, Peckham, London, natoka kumwogesha mzee ambaye kila asubuhi huniuliza mimi ni nani. Nilikuwa na ule uchovu usioisha kwa kulala. Simu yenyewe nilikuwa naiogopa tangu juzi, maana nilijua atakuwa dukani, na nilijua ananunua nini.

Yeye yuko Texas, anafanya kazi kama yangu, kutunza wazee majumbani kwao. Majuzi mwanamume asiyemjua alimfuata hadi kwenye gari, akagonga kioo kwa ngumi huku anacheka. Tangu hapo hana amani. Huko sheria inamruhusu kutembea na bastola mkobani, kimya kimya. Hapa London ukilitamka neno hilo kwenye basi vichwa vinageuka, kwa kuwa bastola na "pistol" ya Kiingereza ni ndugu. Basi tukarudi kwenye maneno ya mtaani kwetu, Eastlands ya Nairobi, ambako bastola huitwa mguu wa kuku.

Silipendi jina hilo. Kaka yetu aliuawa kwa mguu wa kuku akifunga duka lake, na vijana waliompiga risasi walikuwa wakimsalimia kila siku. Ndiyo maana nilikuwa nimejiandaa kumwambia mdogo wangu neno moja tu: usinunue. Nililirudia njia nzima.

Hakunipa nafasi. Aligeuza kamera, nikaona bastola mbili zimelazwa juu ya kitambaa cheusi.

"Sis, angalia. Huu mdogo unaingia kwa handbag hata hauonekani. Huu mwingine ni mkubwa kiasi. Nichukue gani?"

Sisi hao, tuliokuwa tukibishania viatu vya Krismasi pale sokoni Gikomba mpaka muuzaji anatufukuza. Hasira ilinipanda, kisha nikachoka hata kukasirika.

"Huo mdogo umeujaribu?" niliuliza, badala ya kusema neno langu.

"Nimejaribu. Unaruka sana kwa mkono. Na hapa juu pa kuvuta nyuma ili risasi iingie ni pagumu, wrist yangu inakataa. Mwenye duka anasema ndogo huwa hivyo. Lakini huo mkubwa nitauficha wapi na hizi uniform?"

Kiwiko na kifundo chake navijua, ni kama vyangu. Tumeviharibu kwa kuinua wagonjwa.

"Sikiliza," nilianza, "huo mguu wa kuku mdogo..."

Mama mmoja Mkongo aliyekuwa mbele yangu akageuka. Kitenge kilichungulia chini ya koti lake la baridi, na simu yangu ilikuwa kwenye spika.

"Mama, usikamate kale kadogo," alisema kwa huruma kabisa. "Hakana nyama. Kamata ule mukubwa, utashiba."

Mdogo wangu akacheka, akacheka hadi akashika meza ya watu, na mimi nikacheka naye mpaka machozi yakatoka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya yule mtu wa kioo.

"Mama amesema," alipumua. "Nachukua huo mkubwa."

Na ushauri ulikuwa mzuri, ndilo lililoniudhi. Mkubwa ungeutii mkono wake mbovu. Lakini mimi sikuja kushauri, nilikuja kukataza, na kicheko kilikuwa kimelimeza neno langu. Au labda nilikuwa nimechoka kulisema. Alalaye na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo ya mgonjwa, na anayetembea na hofu ile ni yeye. Ningemwambia aendelee kutembea mikono mitupu ili mimi wa huku nipate usingizi?

"Naomba tu usiwahi kuuhitaji," nilisema.

"Amina, sis." Akakata simu kwenda kulipa.

Yule mama akapokea mfuko wake, umejaa miguu minono, akanifungulia nione. Alikuwa amefurahi kunisaidia. Muuza nyama akauliza kama na mimi anikatie miguu kama hiyo.

"Mabawa," nilimjibu.

"Lakini miguu iko mizuri leo!" yule mama alishangaa.

Niliona ni mizuri. Ila kwangu miguu ya kuku haipikwi tangu tumzike kaka yetu.