Baba alinoa mkuki wangu wa mashindano kimyakimya, nikaja kuujua ukaguzi wa uwanja wa ndege

Wakuu, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini, hamjambo? Wakubwa wa umri, shikamooni.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na shemeji wala jirani. Atakayesema ni chai aje Haydom nimwoneshe huo mkuki, uko ukutani kwangu mpaka leo.

Na kabla hatujafika mbali: mimi ni mwanamke. Wazee wa kukimbilia PM, bakini na PM zenu. Nimeolewa, na nina mkono mzito.

Nimeleta uzi huu kwa sababu juzi kuna mdau aliuliza hapa kama anaweza kupanda ndege na vifaa vya michezo, mkamjibu utani mtupu. Mimi nimesafiri na mkuki miaka mingi, ndani na nje ya nchi. Acha nimjibu kwa kisa cha safari ya kwanza.

Enzi hizo mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na watu wengi wa Katesh walikuwa wanajiita bado watu wa Arusha. Simu za mkononi ndiyo zinaingia, ukitaka network unapanda kilimani. Mashirika binafsi ya ndege yalikuwa yameanza kushindana, lakini kwetu aliyewahi kupanda ndege ungemtaja kwa jina.

Mimi ni Mbarabaig. Nimezaliwa kwenye boma la ng'ombe, tambarare chini ya mlima Hanang.

Kwetu mkuki ni wa mwanaume. Anatoka nao asubuhi na mifugo, anarudi nao jioni. Mwanamke ana heshima zake nyingi tu, ila mkuki si mojawapo.

Sasa mimi shuleni Katesh nikakutana na mwalimu wa michezo, Mwiraqw wa Tlawi. Hapa nitamwita Mwalimu tu. Siku moja aliniona nikimrushia jiwe mbwa aliyekuwa anaiba uji jikoni, akaja mbio. Nikajua leo nachapwa. Kumbe anasema, "Hebu rusha tena, pale kwenye nguzo."

Nikaipiga nguzo. Akaniambia mkono huu ukiishia kukamua maziwa itakuwa hasara.

Mnaojua habari za zamani za Wairaqw na Wabarabaig chekeni tu, maana Mwiraqw ndiye aliyemfundisha Mbarabaig kurusha mkuki. Mwenyewe alikuwa ananitania kila siku, "Babu zenu waliwarushia babu zetu hii kitu, leo mimi ndiye ninayekusahihisha kiwiko."

Baba hakunikataza. Ila hakuja kuniona nikirusha hata siku moja.

Nikirudi nyumbani na mkuki wa shule, ananiuliza, "Umemaliza kutupa ule mti?" Siku moja aliigusa ncha yake akacheka. Mkuki wa mashindano una kichwa cha chuma lakini ncha yake ni butu. Akasema, "Kwa huu hata sungura atajikunia mgongo."

Wenzake waliokuwepo wakacheka. Mimi nikajifanya nacheka, lakini iliniuma sana wakuu, kwa sababu mimi ni mtoto wa baba.

Nikamaliza form four na matokeo yangu, tusiyaongelee. Mlango wa masomo ulikuwa umefungwa na ufunguo umetupwa.

Ndipo Mwalimu akaleta habari. Kuna mashindano nchi jirani, na watatu wa kwanza kila mchezo wanapewa nafasi ya chuo cha ualimu wa michezo, kusoma bure. Waandaaji wanatuma tiketi ya ndege. Sharti moja: kila mshiriki aje na kifaa chake, pale hakuna cha kuazima.

Yaani bila mkuki hakuna mashindano, na bila mashindano hakuna chuo. Nilikuwa naelewa hesabu hiyo vizuri kuliko zote nilizofundishwa darasani.

Mwalimu akanipa mkuki wa shule. Akatafuta bomba la maji la plastiki, refu kunizidi, tukautumbukiza humo, kila upande mfuniko. Akanikabidhi barua mbili zenye mihuri, zinazosema hiki ni kifaa cha michezo. Akanisisitiza: usithubutu kutaka kuingia nao ndani ya ndege, utoe uende na mizigo ya chini, na ufike mapema kuliko wote.

Mkuki ukalala nyumbani siku mbili kabla ya safari.

Asubuhi ya kuondoka baba akafanya jambo ambalo hajawahi kufanya. Alilibeba lile bomba mwenyewe, begani, akanisindikiza mpaka barabarani. Basi lilipofika akanipa mkononi, akasema kwa lugha yetu, "Usiwaogope."

Nikajisemea, leo mzee ameamkaje?

Kwenye basi konda aliniita fundi njia nzima. Tulipofika Babati kuna baba mmoja alitaka kununua bomba, akakasirika nilipomwambia haliuzwi. Nilikuwa nacheka tu. Nina tiketi, nina barua, nina mkuki, sasa niogope nini?

Uwanja wa ndege nilifika saa tatu nzima kabla ya safari. Jina la uwanja mniachie.

Bomba halikuenea kwenye mashine ya kukagulia. Wakaniambia litafunguliwa kwa mkono. Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, mnene, miwani ikining'inia kifuani. Nikamwamkia shikamoo, nikampa barua zangu. Akazisoma zote mbili mpaka mihuri.

"Vizuri, binti. Fungua."

Nikatoa mfuniko, nikavuta.

Aisee.

Kichwa cha mkuki kilitoka kinang'aa. Kilikuwa kimepigwa tupa pande zote mpaka kimekuwa chembamba, kina makali ya kunyolea. Na kimepakwa samli. Harufu ikanifikia palepale, samli ya mama, ile ya kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi.

Yule mama hakuamini macho yake. Akapitisha kidole gumba kwenye ncha, kidogo tu. Damu ikatoka.

"Mungu wangu! Binti, mchezo gani huu? Wa kuua simba?"

Askari wawili wakasogea. Watu kwenye foleni wakarudi nyuma. Na mimi, mbele ya kundi lote lile, nilikuwa nimeshaelewa.

Baba hakunihujumu. Baba aliona binti yake anakwenda kushindana ugenini na mkuki usio na makali, akaona aibu kwa niaba yangu. Akaunoa. Halafu akaupaka samli, na kwetu kinachopakwa samli kimebarikiwa.

Miaka yote nimesubiri aseme neno. Kumbe lilikuwa ndani ya bomba.

"Nani kaunoa?" mama mkaguzi akauliza, amefunga kidole kwa kitambaa.

"Baba, mama. Hajui sheria za mashindano. Sisi ni wafugaji."

Akanitazama sana. Halafu akanieleza, na mdau uliyeuliza swali, hapa ndipo jibu lako lilipo.

"Sikiliza. Mkuki wa michezo unapita. Unakwenda chini na mizigo, ncha imefunikwa. Watu wanapita hapa na fimbo za gofu, na pinde, kila siku. Lakini huu umeshageuzwa silaha. Silaha ina vibali vyake, wewe huna. Barua yako inasema kifaa cha michezo, mimi ninachokiona hapa sicho."

"Kwa hiyo nifanyeje, mama?"

"Uufanye uwe kama barua inavyosema. Kaunta inafungwa baada ya saa moja na nusu."

Tupa nitaitoa wapi? Nje ya jengo, ukingo wa barabara ulikuwa wa zege. Nikatoka na askari mmoja wa kunilinda, nikapiga magoti pale, nikaanza kusaga makali ya baba yangu kwenye zege.

Wakuu, mimi si mtu wa machozi. Hata kwenye kujifungua nilitukana tu, sikulia. Ila pale nililia, kwa sauti, watalii wanapita na mabegi yao wananitazama. Neno moja baba amesema tangu nianze mchezo huu, na mimi nalifuta kwa mkono wangu.

Nikiwa nasaga kwa hasira, mkuki ukaacha kuyumba. Kugeuka, yule mama mkaguzi ameinama ameshika mkia.

"Taratibu," akasema. "Utaumaliza wote, ukose cha kurusha."

Tukasaga wote wawili, mimi kichwani, yeye mkiani na kidole chake kilichofungwa. Ulipokuwa butu kabisa akaugusa tena, safari hii kwa kalamu, akaridhika.

"Na samli?" nikamuuliza. "Niifute?"

Akatikisa kichwa. "Samli haijakatazwa."

Tukafunika ncha kwa kipande cha ndala na selotepu, mkuki ukaenda chini na mizigo. Nikapanda ndege macho mekundu, lakini nimepanda.

Kule kwenye mashindano vifaa vinapimwa kwanza. Mkuki wa wanawake haupaswi kupungua gramu mia sita, na wangu ulikuwa umepigwa tupa na baba, ukasagwa na mimi. Niliogopa kuliko pale uwanja wa ndege. Kilichoniokoa ni kwamba Mwalimu alikuwa ameuzungushia mshiko mpya wa kamba nene, ukawa umeongezeka uzito. Ukapita kwa kubana.

Nikarusha nikiwa na hasira zangu zote. Nikashika namba mbili. Chuo nikakipata, na ndiyo maana leo mnaniona hapa naandika kwa herufi kubwa na vituo.

Sasa kasheshe ilikuwa kurudi nyumbani. Nilipanga maneno njia nzima, kuanzia Babati mpaka Katesh. Nitamwambiaje mzee kwamba makali yake niliyafuta?

Nimefika, hata maji sijanywa, akasema, "Leta mkuki."

Akauvuta kwenye bomba, akaitazama ncha. Butu, imechubuka vibaya. Akaigeuza huku na huku muda mrefu. Halafu akatabasamu, baba yangu ambaye hatabasamu hovyo, akawaita wenzake.

"Njooni muone. Huyu ameupiga ardhini mpaka makali yote yameisha!"

Wazee wakaugusa mmoja mmoja, wakatikisa vichwa. Mmoja akasema ardhi ya huko lazima ni mawe.

Ningesema nini wakuu? Nikawaacha waamini hivyo. Anayetaka kunihukumu anihukumu.

Tangu hapo nikawa na mikuki miwili. Mmoja wa kurusha, unakaa Katesh kwa Mwalimu. Ule wa zamani wa shule, nilioomba nikapewa, ukakaa nyumbani kwa ajili ya baba. Kila nikitaka kusafiri anaupiga tupa, anaupaka samli, ananibebea bomba mpaka barabarani. Mimi nashuka Katesh, nauacha wa baba kwa Mwalimu, nachukua mwingine, naendelea. Nikirudi nabadilisha.

Miaka tisa nimefanya hivyo. Nilijiona mjanja kweli.

Mpaka bega likagoma. Daktari akasema basi. Nikaenda nyumbani kumwambia mzee kwamba nimestaafu. Ameshazeeka, anakaa tu nje anaota jua na kuhesabu ndama. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja.

"Na ule mwingine, nani alikuwa anaunoa?"

"Mwingine upi, baba?"

"Usinifanye mtoto. Ile safari ya kwanza makali yaliisha. Tangu hapo unakwenda, unarudi, makali yangu yako palepale, na samli yangu juu. Mimi najua ng'ombe wangu kwa kwato, nisijue mkuki nilionoa kwa mkono wangu?"

Aisee, mzee alikuwa ameninasa. Nikamweleza yote. Ukaguzi, kidole cha yule mama, zege, machozi. Nikamwambia ule mwingine hakuna aliyekuwa anaunoa, sheria ndivyo ilivyo, unarushwa butu.

"Butu?" akasema. "Siku zote hizo ulikuwa unawashinda na kitu butu?"

"Ndiyo, baba."

Akanishika mkono wa kulia, juu ya kiwiko, akaubonyeza anavyobonyeza nundu ya ng'ombe kabla ya kukubali bei.

"Basi mkono huu ni wangu," akasema.

Mkuki ulio ukutani kwangu ni ule wenye makali. Sijaugusa tena na zege.

Sasa mdau mwenye swali: kifaa chochote kirefu au chenye ncha peleka chini na mizigo, funika ncha, beba barua, piga simu kwa shirika la ndege kabla ujue kama kinaenea kwenye ndege yao, na uwahi. Wakaguzi si maadui, ukinyooka nao wananyooka na wewe.

Halafu fungua mzigo wako mwenyewe kabla hujatoka nyumbani. Mimi ningefungua nikiwa bado barabarani na baba, ningemshukuru palepale, nisingechelewa miaka tisa.

Haya, zamu yenu. Nani mwingine alifunguliwa mzigo mbele za watu, akakuta kitu alichowekewa na wa nyumbani? Shusheni hapa, nasoma zote. Za chai nazijua kwa harufu.