Mwisho wa Ile Filamu ya Bomu

Leo nimejifanya namtoa mama hofu.

Miaka ya themanini gari la sinema lilikuja hapa Mbulumbulu, likaonyesha filamu ya vita vya nyuklia kwenye ukuta wa ghala. Bomu likalipuka, majivu ya sumu yakaanza kushuka, jenereta likazimika. Mwisho hakuna aliyeuona.

Tangu hapo, mtu akichoma mabua ya ngano, mama hukimbilia kufunika pipa la maji.

Basi leo nimeipata ile filamu kwenye simu. Nikamwambia, "Mama, tazama mwisho, utulie."

Majivu yalipoanza kushuka akanirudishia simu.

"Inatosha, mwanangu." Akatoka.

Nikaimalizia peke yangu. Jamani, aliyewahi kuiona yote aniambie analalaje.

Sasa hivi tuko nje wawili, tunafunika pipa.

Na wala hakuna anayechoma mabua.