Jogoo wa kuombea leseni

Leo nimekamata jogoo bure, jamani.

Binti yangu Anna amemaliza chuo. Asubuhi kafungua programu yake ya kuchorea nyumba, kompyuta ikamwambia leseni ya mwanafunzi imeisha. Na ramani ya mteja wake wa kwanza, mzee mmoja wa Mpepai, imo humo humo.

Mimi mbio bandani. Kwetu hatuendi kuomba mikono mitupu.

"Mama, huyo jogoo wa nini?"

"Mpelekee mkuu wa chuo, akuongezee muda."

Kacheka mpaka kakaa chini. "Mama, leseni si ya mkuu. Ni ya wenye programu, wako Ulaya huko."

Kumbe ipo programu nyingine ya bure. Kaiweka, ramani ikafunguka yote.

Msinicheke, nyie mngefanyaje?

Mchana yule mzee wa Mpepai kaja, kaitazama ramani, kamwambia mwanangu, "Haya fundi, tuchimbe msingi."

Fundi. Nimetoka nje kidogo, nipumue.