Ulimi wa Kuazimwa

Hapana, sikubatizwa. Wewe hukuwapo, na huyo aliyekuhadithia hakuwapo. Nlikuwa naosha chupa za dawa kwenye hospitali ya wamishionari, Matrah, basi, na chupa haimbatizi mtu. Muuza makaa wa mtaani kwetu Sidab naye alinambia nshauza dini. Nikamkamata ukosi, akanivunja jino. Sijutii.

Lakini habari za mitume wao nlizisikia, hilo sikatai, na nlizisikia vizuri kuliko wewe.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu tutoke Unguja tukahamia pwani ya Waarabu, mimi na shangazi yangu aliyenilea. Siku zile sasa naziona kama alivyokuwa akiona yeye kwa macho yake mabovu, kwa ukungu. Milima myeusi bado imebeba joto la jana. Shuka tulizozirowesha maji zimening'inia mlangoni, upepo ukipenya unafika umepoa, una harufu ya samaki ng'onda na kahawa. Watu wanapita weupe, hawana nyuso. Sauti zao kama zinatoka chini ya maji.

Mchanganya dawa wa hospitali alikuwa Mhindi wa Malabari, Mkristo tangu babu wa babu zake. Kiarabu chake cha sokoni na changu cha chuoni vilikutana njiani, tukafahamiana. Alisema dini yao haikuletwa na Mzungu. Mmoja katika wale kumi na wawili wa Nabii Isa alivuka bahari akashuka pwani kwao, mikono mitupu. Yule aliyekataa kusadiki mpaka atie kidole kwenye kovu. Sisi hao twawaita hawariyuna, wafuasi. Mtume kwetu ni cheo kingine. Tukabishana wiki nzima, kisha tukaliacha. Lakini nikiosha chupa nikimwona mtu huyo kapitia kwetu, kasimama kisimani Sidab, vumbi mpaka magotini, anaomba maji, na hakuna anayemjua.

"Kazi yao hasa ilikuwa nini?" nikamuuliza.

"Kutumwa. Waliona jambo, wakaambiwa wende wakalisema. Wasichukue mkoba, wasichukue nguo ya pili. Mji ukiwakataa, wakung'ute vumbi la miguuni, wapite."

"Na mmoja akiongeza lake?"

Akaweka kijiko chini. "Hapo hakutumwa tena. Kajituma."

Nikacheka, maana ndani ya neno hilo nlimsikia shangazi. Unguja yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kualika harusi, nyumba kwa nyumba. Hakai, hanywi maji mpaka aseme: fulani kanituma, kasema hivi, nirudishe jibu gani? Haongezi hata utamu. Nlipokuwa mdogo hanitumi kwa jirani mpaka nikariri mlangoni. "Ulimi wa kutumwa umeazimwa," akinambia. "Usiurudishe na doa."

Macho yake yalianza ukungu huko huko Unguja, Sidab yakafunga. Daktari wa kike wa hospitali alipita siku moja kutazama wagonjwa, akammulika kwa tochi pale mlangoni. Jirani wakamwambia shangazi: ukenda kwao utarudi unaona, lakini huna dini. Shangazi akafunga mlango, hataki kusikia la hospitali wala la jirani.

Siku chache baadaye daktari akaniita, mchanganya dawa akinifasiria. "Mwambie shangazi yako, jicho la kulia lina mtoto wa jicho, tutajaribu kumtoa. La kushoto limekufa, asilitumaini. Kuja au kutokuja ni hiari yake."

Njia nzima nikalikariri. Nikamkuta anachagua mchele kwa vidole, anatupa punje, kokoto anaziacha kwenye sinia.

"Umetumwa," akasema. Alinijua kwa nlivyosimama.

"Nimetumwa. Wanasema uje. Macho yote mawili yatafunguka, wallahi."

"Wamesema yote mawili?"

"Yote mawili."

Mikono yake ikatulia juu ya mchele. "Basi yakifunguka ntapika bokoboko la shukurani. Waje hao hao jirani, niwatazame mmoja mmoja."

Nikampandisha punda mpaka Matrah. Baada ya kupasuliwa akalazwa chali siku kadhaa, kichwa katikati ya mifuko ya mchanga, macho yote yamefungwa. Wamishionari wenyewe wakiimba asubuhi, naye akivuta uradi wake. Hakuna aliyemgusa dini. Nlikaa sakafuni, mapazia yakivimba na kunywea, yeye akinihesabia atakavyovitazama: kanga zake, bahari, meno yangu. Lile pengo sikumwambia. Siku zile nliziishi kama mtu anayeota huku anajua ataamshwa.

Daktari akafungua vitambaa. Shangazi akatazama dirisha, akatazama mkono wake, akanitazama.

"Umekonda," akasema. Kisha akangoja. "Na la pili nifungulieni."

"Liko wazi, mama," akasema mchanganya dawa. "Tulikutumia neno."

Akanigeuzia jicho lake moja jipya. "Neno gani?"

Nikalisema lote, kama nlivyopewa.

"Ningekuja kwa hilo hilo," akasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tulipofika nyumbani akitaka chumvi anamtuma binti wa jirani. Akitaka kumsalimu mgonjwa, binti wa jirani. Na mimi nimekaa pale, nna miguu miwili.

Nikamwambia mchanganya dawa.

"Mkubwa wa wale kumi na wawili alikuwa mvuvi," akasema, "mkali kama wewe. Alichomoa upanga akamkata mtu sikio. Na bwana wake alipokamatwa, akaota moto na watu akamkana mara tatu. Huyo huyo akatumwa tena."

"Na aibu yake aliisimulia nani?"

"Nafikiri mwenyewe. Tungeijuaje?"

Sikujua nifanye nini na hadithi hiyo. Nikaosha chupa.

Asubuhi moja nikaamka, ngano inachemka na nyama, shangazi anaponda bokoboko kwa mwiko. Hakugeuka.

"Nenda ukaalike nyumba saba. Useme: shangazi anakwiteni. Jicho moja linaona, la pili limekufa, na mimi niliyetumwa nliambiwa tangu mwanzo nikamficha."

"Hilo la mwisho pia?"

"Kariri."

Nikakariri. Akanirudisha mara mbili, maana nlilimeza la mwisho.

Mlango wa kwanza nikalisema nikitazama chini. Wa tatu wakacheka. Wa tano bibi mmoja akanipa maji, nikakumbuka siruhusiwi kabla ya kusema. Jua lilikuwa limefuta vivuli vyote, mtaa mweupe kama shuka, natembea sihisi ardhi.

Mlango wa saba ulikuwa wa muuza makaa. Alisimama kizingitini, mikono myeusi, akanitazama pengo alilolifanya yeye.

"Karibu, mtume wa Wazungu," akasema.

Damu ikanipanda. Jirani wawili wakasimama kutazama. Kumpiga kungekuwa rahisi, na kuondoka kungekuwa rahisi zaidi. Nikaweka mikono nyuma. Shangazi kanituma, nikamwambia, kasema hivi, na nikalisema lote, na lile la mwisho nikalisema kwa sauti ile ile. Nikamuuliza nirudishe jibu gani.

"Mwambie ntakuja," akasema, na akapisha macho pembeni.

Nikarudi nalo hivyo hivyo, sikuongeza kitu. Shangazi akanipa bakuli, na chumvi ilikuwa imepungua. "Nenda kwa jirani," akanambia.

Basi wewe unayeniuliza kama nlibatizwa: lini ulibeba neno la mtu, aibu yako imo ndani yake, ukalifikisha zima?