Sifa Alizozimeza Nyamvula

Nyamvula wa mtaa wa Bofu hana simile na muziki wa watu. Mwalike harusini, mpe pilau, mtandikie mkeka mbele kabisa, bado akitoka hapo atasema mwimbaji alikuwa akihema na mpiga ngoma alikuwa akimkimbiza. Atayasema huku akigeuza viazi vyake vya karai pale kando ya barabara, na wateja watangoja mpaka amalize. Ana sikio, hilo hata maadui zake wanakubali, na maadui Mungu kampa wa kutosha.

Lakini mwana wake hamsifu, na hapo ndipo palipomponza.

Dhahabu ni mtoto wa kaka yake. Mamake alifariki yeye hata kutambaa hajaanza, Nyamvula akamchukua akamlea kando ya karai lile lile. Alikuwa akimbembeleza kwa wimbo wa nyumbani kwao, wimbo wa polepole alioachiwa na mamake mzazi. Amekaa juu ya kigoda, mguu mmoja kaunyoosha, na mtoto kalala juu ya mguu huo. Basi mtoto akajua kuimba kabla hajajua kusema sawasawa. Wateja walikuwa wakishangaa, "Mashallah, sauti hii!" na Nyamvula kwa upesi anajibu, "Sauti gani hiyo? Bata mwenye mafua huyu!"

Si kwa chuki, jamani. Alikuwa akimkinga. Kwao mwana hasifiwi mbele za watu, kijicho kisije kikampata. Wakishaingia ndani na mlango ukishafungwa, ndipo anapomvuta kifuani na kumwambia, "Leo umeimba, mwanangu, hata nimeunguza viazi vya watu." Dhahabu alilielewa hilo tangu mdogo. Ya nje yalikuwa ya watu, ya ndani ndiyo yenyewe.

Mtoto akakua, akaenda Nairobi na sauti yake, na mwaka juzi ikaja habari kuwa ataimba kwenye tuzo za muziki, Kenya nzima ikitazama. Jumamosi ya tuzo, baada ya magharibi, watu walijaa kwa Mercyline, jirani aliyetoka bara, maana yeye na mumewe Oduor wa bandarini ndio wenye televisheni kubwa. Sabah, anayepakana na Nyamvula ukuta kwa ukuta, alikuja na buibui lake na ulimi wake. Nyamvula alipewa kiti cha mbele kama mama wa bibi harusi.

Kwanza akatoka kijana mmoja na wachezaji tele, moshi unafuka, moto unaruka. Oduor alisimama kabisa kumshangilia. Kisha taa zikapunguzwa. Dhahabu akatoka peke yake, amebeba kigoda. Akakiweka katikati ya jukwaa, akakaa, akanyoosha mguu mmoja, akaanza wimbo ule.

Lo! Roho ilimruka Nyamvula. Chumba kizima hakuna aliyejua kigoda kile ni cha nini na mguu ule umenyooshwa kwa nini, ila yeye. Machozi yalimjia, akayarudisha. Kigelegele kilimfika kooni, akakimeza.

Wimbo ulipokwisha, ikawa vita.

"Sasa hiyo ni nini?" akasema Oduor. "Amepewa steji yote hiyo, halafu anaketi chini kama mgonjwa anangoja daktari? Yule kijana ndiye amewasha moto, bana."

"Na mabega je?" Sabah akadakia. "Wimbo mzuri, sikatai, lakini mabega yote nje! Astaghafirullah!"

Mercyline alikuwa akifuta macho kwa ncha ya leso. "Nyinyi hamna roho. Huyu msichana ameniliza, na maneno mengine hata sijayaelewa."

"Wewe wa bara utayaelewa vipi?" Sabah akamkata, na watu wakacheka.

Wote wakamgeukia Nyamvula, mwenye sikio. Akiwa bado anatafuta la kusema, simu yake ikalia. Ni Dhahabu! "Weka sauti sote tusikie," akasema Sabah, na kidole chake kimeshabonyeza. Watu wakasogeza masikio.

"Shikamoo, shangazi." Alikuwa akihema kwa furaha.

"Marahaba, mwanangu."

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Haya niambie. Niambie wewe kwanza, sijasikia bado la mtu mwingine."

Angesema tu, "Niko na watu, nitakupigia." Hayo tu yangetosha! Lakini macho yote yalikuwa juu yake, na ulimi ukafanya ulichozoea miaka yote mbele za watu. Akacheka kicheko chake cha barabarani, akalichukua neno la Oduor kama lilivyo.

"Uimbaji gani huo? Umekaa chini kama mgonjwa anayengoja daktari!"

Watu wakaziba midomo kwa leso wasisikike.

"Kigoda hukukijua?" Dhahabu aliuliza, sauti imeshuka.

"Nakijua sana. Kigoda ni cha kukaangia viazi, si cha kupeleka kwenye televisheni."

"Haya, shangazi." Simu ikakatika.

Kicheko kilichozuiwa kikafunguka chumba kizima. Mercyline peke yake ndiye hakucheka. Alimwinamia Nyamvula, akamuuliza polepole, "Mama, huyo mtoto alijua uko na sisi?"

Nyamvula aliinuka. Alitoka hapo viatu amevaa vya mtu mwingine, akafika kwake akafunga mlango, akapiga simu. Ikalia haikupokewa. Kesho yake ilikuwa imezimwa. Ilipopokewa, siku kadhaa baadaye, Dhahabu alikuwa mchangamfu, akamwuliza hali, akamwuliza habari za mvua. Nyamvula akaona haya. Mtu mzima aanzie wapi? Akasema moyoni, akija nitamweleza.

Ewe Nyamvula! Mdomo mwepesi wa kukosoa mji mzima, lakini kumpa mwanao haki yake ukaushika kwa mikono miwili!

Dhahabu hakuja Idd ya mwaka ule, wala iliyofuata. Nyimbo zake zikabadilika. Sasa yuko wima tangu mwanzo hadi mwisho, na wachezaji, na moto. Wimbo ule wa polepole haukusikika tena. "Sasa huyu ndiye msanii!" Oduor husema kila akimwona, na Nyamvula hutazama tu. Anasikia mwanawe akihema. Anasikia ngoma ikimkimbiza. Yeye, ambaye hajawahi kumnyamazia mtu, husema viazi vinaungua, akaondoka.

Idd iliyopita Dhahabu alikuja, na gari na vitambaa vya zawadi. Wasichana wa mtaa wakajaa uani kupiga naye picha. "Dada Dhahabu, unaimba vizuri sana!" Na yeye, kwa kila mmoja, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo, "Asante sana, nashukuru kwa sapoti."

Walipoondoka, Nyamvula alimvuta ndani, akarudishia mlango.

"Mwanangu, ile siku ya tuzo nilikuwa mbele za watu. Simu yote walikuwa wakiisikia. Kigoda nilikijua, na mguu niliujua. Wallahi hakuna aliyeimba siku ile ila wewe. Nilikuwa nalia, Dhahabu. Nililia na sikukwambia."

Dhahabu alimtazama sana. Midomo ilimcheza, na Nyamvula akaanza kufungua mikono. Kisha Dhahabu akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo.

"Asante sana, shangazi," alisema. "Nashukuru kwa sapoti."