Modemu ya Shemegi na Laini ya Qantab

Bibi yule alikuwa amenyanyua kidole, mdomo wazi, ushungi umemteleza kidogo upande mmoja, na maneno yaliyokwisha kumtoka ni haya tu: "Haya, na mie nasema..." Hapo akaganda. Kwenye televisheni ya majlis yetu, chumba cha wageni, mbele ya ndugu na jamaa waliovaa nguo zao za kutokea, bibi wa kijana anayemposa mwanangu aliganda kidole juu kama mtu anayesimamisha gari. Tukasubiri. Hakuna aliyetafuna. Mwanangu, aliyekuwa ameinamisha uso kama alivyofundwa, aliunyanyua akamtazama yule bibi, kisha akanitazama mie. Halafu televisheni ikawa nyeusi, na juu ya kabati taa nyekundu ikaanza kupepesa.

Nimenusurika na mengi. Nimenusurika na kimbunga kilicholifanya friji langu lielee jikoni, na miaka ya kukaa nyumba moja na mama mkwe. Shule niliachishwa darasa la tano, Unguja, nikalee wadogo zangu, na hivyo hivyo nimefika huku, nimeolewa, nimesomesha. Lakini kidude kile kimenishinda, na waliokileta nawajua. Majina siandiki, nna heshima zangu. Ila mmoja akisoma hapa atajijua kwa masharubu yake.

Kwanza mjue nyumba yetu. Qantab, pembeni mwa Maskati, imekaa ndani ya majabali. Simu ya mkono ukitaka ishike, upande darini, ukae ubavuni mwa tangi la maji, na usigeuze shingo. Kwa hiyo intaneti yetu ni ya waya, ile inayopita kwenye laini ya simu ya nyumbani. Kampuni ilipotuungia ilituletea na modemu yake, kijisanduku cheupe kilichokaa juu ya friji mpaka kikageuka rangi ya chai ya maziwa. Kilikuwa kivivu, lakini kiaminifu. Unakiwasha, unakwenda kuosha vyombo, ukirudi kimeshashika.

Mwanangu anafanya kazi wizarani, Al Khuwair. Kijana yuko Unguja, watu wa heshima, na kwao neno la mwisho analo bibi yao. Baba akubali, mama akubali, wajomba wale halwa mpaka watosheke. Bibi asipomuona msichana kwa macho yake, hakuna posa. Na miguu haimruhusu kupanda ndege. Tukakubaliana amuone kwenye simu ya picha, kwa ile programu inayoruhusiwa huku, maana nyingine zimefungwa. Siku ikawekwa, Ijumaa baada ya sala.

Ndipo alipoingia mkosa wa kwanza, mume wa dada yangu, yule wa masharubu. Wanaishi Ujerumani, na walikuja kwa ajili ya posa hiyo. Hata kahawa hajanywa, keshafungua sanduku na kutoa modemu nyeusi, kubwa kama sinia, imesimamisha pembe juu kama kambamawe.

"Shemegi," akaniambia, "kile kijisanduku chako kinakutia aibu. Wakwe watakuona umefunikwa ukungu."

Kwetu zawadi hutumiwa mbele ya aliyeitoa. Ukiletewa marashi unajipaka pale pale, ukiletewa kanga unajitanda. Ukiitia kabatini umemwambia mgeni hujaipenda. Basi na modemu ni hivyo hivyo. Nikaichukua, nikaenda kuichomeka mwenyewe, nikaona plagi yake ina meno mawili ya duara. Ukuta wetu una matundu matatu.

"Shemegi, mbona hata ukuta umeikataa?"

"Modemu ni modemu. Kama birika. Birika la Ujerumani halitochemsha maji ya Oman?"

"Birika haliongei na mtu."

Dada yangu akacheka, akatazamwa na mumewe, akajitia kutengeneza ushungi.

Tukaenda duka la vifaa kutafuta adapta, na huko ndiko aliko mkosa wa pili, muuza duka. Nilimuuliza kwa Kiarabu kisichokuwa na kona: hii itakubaliana na laini ya simu ya nyumbani kwetu? Akaipima mkononi kama anayechagua tikiti sokoni Mawaleh. "Orijino hii, mama."

"Sikukuuliza kama orijino. Nimekuuliza laini."

"Inshaallah."

Mie ni Muislamu, na inshaallah naipenda. Lakini ya muuza duka naijua.

Mkosa wa tatu analala kitanda kimoja na mie. Mume wangu hawezi kuona kitu kimekaa bure. Modemu nyeusi ilipowaka kijani mara ya kwanza, akakichukua kile cheupe akakitoa sadaka kwa jirani yetu mjane, watoto wake wasomee. Niliporudi kutoka jikoni juu ya friji pana alama ya vumbi ya pembe nne tu. Haya niambieni: zawadi ya shemegi siwezi kuikataa, sadaka ya mume siwezi kuirudisha. Nikabaki katikati na pembe zangu.

Wiki nzima modemu ile ilishika na kuachia. Kila ikiachia, shemegi alibonyeza kitufe, akangoja, na ikirudi akaisifu kama mtoto aliyetapika kisha akala tena.

"Inajizoesha," anasema.

"Inajizoesha nini, joto?"

Ijumaa ilishika tangu asubuhi, na shemegi akanipitia jikoni makusudi. "Umeona?" Nikazidi kupakua halwa. Bibi akatokea kwenye televisheni, mzuri, mkali, amezungukwa na watu wake.

"Mwambieni anyanyue uso. Sisi hatuoi kisogo."

Mwanangu akanyanyua.

"Unajua kupika wewe?"

"Mchuzi najua, bibi. Biriani naagiza."

Nikafumba macho. Lakini bibi akacheka mpaka akajifuta kwa ncha ya kanga, akasema huyu angalau hasemi uongo. Akanyanyua kidole. Na hapo hapo nikaona, juu ya kabati, taa ya kijani imeanza kusitasita. Nikamgeuzia shemegi uso, nikambenulia midomo, nikamsonya.

Kumbe na picha yetu iliganda upande wa pili.

Tulikimbilia darini wote, nguo za sherehe, nimekumbatia tangi kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Mama yake kijana akapokea. Sauti yake ilikuwa na adabu ya mtu aliyeudhika.

"Bibi ameingia ndani. Anasema alikuwa anataka kutoa neno, mama mtu akambenulia midomo, akabaki hivyo hivyo anamtazama."

"Wallahi siye yeye niliyemsonya."

"Sisi sote tumeuona, dada. Ulikaa muda."

Baadaye niliipigia simu kampuni. Binti wa huko akauliza modemu imetoka wapi, nikamwambia. Akasema taratibu, kama anayetoa pole, kwamba nyingi za kule zimetengenezwa kwa laini za kule, masafa ya mawimbi yake si haya yetu; ikishika hapa imeshika kwa bahati. "Ungetuuliza kabla, mama, tungekwambia zipi zinakubali." Wakaniletea nyingine, nyeupe, ndogo, ipo juu ya friji. Inashika vizuri sana, na hakuna wa kumpigia. Bibi kasema hakai tena mbele ya televisheni ya mtu. Mwenye maneno na amfuate alipo.

Mwanangu halalamiki. Zamani akirudi kutoka kazini alikuwa anauliza nimepika nini. Sasa anaweka mkoba, anaangalia simu yangu kabla ya uso wangu, anasema, "Hakuna habari, mama?" Nasema hakuna. Anakwenda kubadili nguo.

Shemegi karudi zake Ujerumani. Ananitumia sauti: modemu haina kosa, laini yenu ndiyo mbovu. Basi nijibu hili, shemegi, mbele ya wote wanaosoma. Laini ile uliiuliza inataka nini, au uliangalia pembe tu? Na midomo ile niliibenua kwa ajili yako, ni mali yako. Chukua ndege, si ya Maskati, ya Unguja. Kaa chini mbele ya bibi yule, vua viatu, umwambie, "Msonyo ule ulikuwa wangu." Halafu umngoje amalize sentensi yake.